Mektrida na Ukuta wa Mikono

Niseme mapema ili tusilaumiane baadaye: mimi si mpenzi wa picha za ukutani. Ni kinyozi hapa Majengo, Moshi, tangu enzi za mashine ya kubana kwa mkono, na kwa miaka yote hiyo nilijua ukuta una kazi mbili, kuzuia wezi na kubandikwa matangazo ya waganga. Aliyenibadilisha si msanii. Hawezi kuchora hata kikombe. Anaitwa Mektrida, anapika mtori, na kama umewahi kupita uchochoro wetu asubuhi ukavutwa shingo na harufu ya ndizi na nyama, ulikuwa mlangoni kwake.

Ni mzaliwa wa Kilema, Mkatoliki wa kwenye migomba na kahawa, aliyeshuka mjini na mumewe na kubaki hata baada ya mume kufariki. Mimi ni Mrombo, kwa hiyo utani kati yetu haujawahi kuisha. Yeye husema Warombo tunanyoa watu kama tunavyowakatia ng'ombe majani. Mimi humjibu kwamba watu wa Kilema hawaazimi hata chumvi bila kumuuliza padri. Pamoja na mtori wake ni balozi wetu wa nyumba kumi, ingawa nyumba zimeshapita kumi zamani. Mabalozi wengi kazi yao ni kuamua ugomvi wa maji machafu na kuwatambua wageni. Huyu aliongeza ya kwake, wala hakuna aliyemtuma.

Ilianza na kikundi cha wachoraji vijana waliopewa ruhusa ya kupendezesha kuta za mtaa. Ukuta wa kwanza wakachora simba. Wa pili wakachora mlima na Mmasai anayeruka. Mektrida akatoka na mwiko mkononi, akamtazama simba kwa muda mrefu, kisha akauliza huyo anakaa nyumba gani, maana yeye kama balozi hana taarifa zake. Kuhusu mlima hakusema sana. Siku hiyo Kibo ilikuwa wazi juu ya mabati, nyeupe kabisa, naye akaionyesha kwa mwiko, akasema huu tunao tayari na haujawahi kutudai rangi, wao watuchoree kile ambacho hatukioni.

Vijana walicheka. Mmoja hakucheka, binti anayeitwa Brenda, ambaye aliweka brashi chini na kuuliza ni kitu gani ambacho hatukioni. Mektrida akamwambia hajui, ila angeuliza. Hapo ndipo kazi yake ilipozaliwa, kazi ambayo mpaka leo hatujaipatia jina, kwa hiyo tunamwita balozi wa kuta.

Basi ukawa huwezi kunywa mtori kwa Mektrida ukaondoka bila kuhojiwa. Hakuuliza watu wanataka picha gani, kwa sababu alishagundua kwamba ukiuliza hivyo utaletewa simba. Aliuliza unapita hapa wakati gani na macho yako yanakwenda wapi. Mama mmoja wa chapati akasema yeye hupita alfajiri na macho yake yako chini, kwa hofu ya mtaro. Ukuta ule Mektrida akaagiza uchorwe chini tu, mkanda mweupe wa samaki wanaoogelea kufuata mtaro, na tangu hapo hakuna aliyetumbukia. Mama wa chapati huwataja samaki wale kana kwamba ni wanawe. Mahali pengine alikataa picha kabisa. Wanawake wa Mabogini, wa mashamba ya mpunga kule chini, walisikia habari zake wakamwita awachagulie mchoro wa ghala lao. Alikaa kule mchana kutwa kwenye jua, akarudi na kuwaambia ukuta wao hauhitaji picha, unahitaji baraza na paa la kivuli. Walikasirika kidogo, wakajenga, na sasa mikutano yao yote iko pale.

Mimi niliyaona haya yote kupitia kioo cha kinyozi, maana kibanda changu kinatazamana na ukuta mrefu, na ukuta huo mrefu ndio hasa ninaotaka kuusimulia.

Ni ukuta wa ghala la zamani, mali ya Godlove, mfanyabiashara wa asili ya Machame anayeishi upande mwingine wa mji. Mbele yake palikuwa jalala. Mektrida alitusumbua mpaka tukaliondoa, mafundi seremala wakagonga mabenchi, na jioni pakawa na watu: wanawake wanasukana, wazee wanacheza bao, watoto wanarukaruka. Wachagga, Wapare, Warangi, Waislamu na Wakristo, watu waliokuwa wakijuana kwa vikohozi tu kupitia kuta za vyumba vya kupanga, wakaanza kujuana kwa majina. Sasa mahali pakipendeza, mwenye mali huamka. Kampuni moja ya vinywaji ikamfuata Godlove, ikataka kuupaka ukuta wote rangi zake na kuweka kibanda cha kuuzia soda pale penye mabenchi.

Mektrida alimwendea na sufuria ya mtori. Sijui walizungumza nini, lakini alirudi na ahadi. Kama watu wa uchochoro watauchora ukuta vizuri na kuumaliza kabla Godlove hajapanda kwao kula Krismasi, ukuta ni wetu na mabenchi yanabaki. Usipokwisha, unakwenda kwa kampuni. Godlove si mtu mbaya. Alisema tu hataki kazi nusunusu kwenye mali yake, na mtu akisema hivyo kuhusu mali yake utambishia nini.

Kuchagua cha kuchora kulituchosha. Sisi Wakristo tulitaka sura za watu wa mtaa. Waislamu wakasema, kwa upole, kwamba ukuta unatazamana na mlango wa msikiti, na si vizuri mtu atoke kusali akutane na nyuso zinazomkodolea macho. Mimi nilipendekeza tupige kura. Mektrida akakataa, akasema kura huacha walioshindwa, na walioshindwa hawatakaa kwenye mabenchi. Akazidi kupika na kuuliza. Mahali fulani kati ya bakuli na bakuli likatoka wazo la mikono, na hadi leo kila mtu anadai ni lake.

Mpango ulikuwa huu. Kila nyumba inatoa mtu mmoja. Mtu huyo anaweka kiganja ukutani, Brenda anakizungushia mkaa, mwenyewe anapaka rangi ya kwanza kwa mkono wake, halafu Brenda anachora ndani ya mkono ule kazi ambayo mkono unafanya. Mikono inapangwa kama nyumba zilivyopangana uchochoroni. Wa kwangu ukajazwa kitana na nywele. Wa mama wa chapati una unga mpaka kwenye kucha. Wa muadhini, ambaye mchana ni fundi wa saa, una magurudumu madogo madogo yenye meno. Nakiri, mimi nisiyependa picha nilikuwa nikisahau wembe shingoni mwa watu kwa ajili ya kutazama nje.

Sasa niwaeleze Mektrida alikoupata ukali wake katika jambo hili. Baba yake kule Kilema alikuwa msimamizi wa mfongo, ule mfereji wa maji unaotoka juu msituni na kupita vihambani, kwenye mashamba ya migomba ya kila ukoo. Siku ya msaragambo, kazi ya pamoja, kila kaya ilipewa kipande chake cha kuzibua, na hata kama wewe una nguvu za vipande vitatu, cha jirani hukigusi. Mektrida alinieleza kwamba maji yakipita mahali ambapo mtu hakupachimba, mtu huyo atayanywa lakini hatayalinda. Kipande cha asiyefika kiliachwa kama kilivyo. Majirani walifyeka kingo zake tu, pande zote mbili, ili mwenyewe akija akute kazi imepungua na ajue alikuwa akingojewa. Hakuna aliyemsema. Kipande kilichoachwa kilikuwa salamu, na kila mtu wa mfongo ule aliielewa.

Na kwetu kulikuwa na mmoja asiyefika. Mzee Mfinanga, fundi bati, Mpare wa Usangi aliyefika Moshi akiwa kijana. Nyumba yake iko katikati ya uchochoro, kwa hiyo nafasi yake ilikuwa katikati ya ukuta. Majiko, ndoo, makarai, masanduku ya wanafunzi wa bweni, nusu ya Majengo tumehamia na kuhama tukiwa na kitu alichokigonga yeye. Ni mtu wa maneno machache na adabu nyingi. Alipoitwa mara ya kwanza alisema ana kazi ya watu. Mara ya pili akasema hivyo hivyo. Mektrida akasema hapana shida, Mzee atakuja, na akafanya kama alivyofundishwa na baba yake. Akamwagiza Brenda aiache ile nafasi, nyeupe, yenye ukubwa wa mkono mmoja, katikati ya mikono ya watu wote. Kila asubuhi kabla ya kuwasha moto alikwenda na kitambaa akaifuta vumbi, ili Mzee akija aikute safi.

Kwa kweli iling'aa. Ukisimama mbali, kabla hujaona mkono wa mtu yeyote, uliona pale palipokosekana mkono. Watoto wakaanza kupaita kwa Mzee Mfinanga. Na mjini, ndugu zangu, hakuna mfongo. Mjini tunasema asiyekuwepo na lake halipo. Watu walipita wakacheka kidogo, wakasema Mpare amebana hata mkono wake, na Mektrida alipowasikia alifurahi, maana alidhani wanamkumbuka.

Yeye mwenyewe Mzee Mfinanga ndiye aliyenieleza. Alikuja kunyolewa siku chache kabla ya Krismasi, akakaa, nikamfunga kitambaa, na mikono yake ikabaki chini ya kitambaa kama siku zote. Kioo changu kinaonyesha ukuta. Aliutazama mle kiooni mpaka nikamaliza upande mmoja wa kichwa.

"Tito," akaniambia, "mwambie balozi wako, kama anataka watu waone ninachokosa, angeandika na jina."

Nilisimama na wembe wangu hewani. Kisha nikaelewa. Mkono wa kulia wa Mzee Mfinanga hauna vidole viwili. Mkasi wa bati ulivichukua zamani, kabla wengi wetu hatujahamia. Lakini ni nani aliyekuwa akikumbuka? Fundi akiwa na masizi hukupa kifundo cha mkono umsalimie, ndivyo ilivyo adabu, na yeye siku zote alikuwa na masizi. Tulishika kifundo chake miaka nenda miaka rudi, tukachukua jiko letu, tukaenda zetu. Kumbe yeye kila asubuhi, akielekea kazini, alikuta tumemchora: mahali pa mkono, na mkono haupo, na balozi amekuja kupapangusa ili paonekane vizuri zaidi.

Nilimpelekea Mektrida habari hiyo akiwa anamenya ndizi. Aliweka kisu chini. Uso wake ulibadilika rangi, akakaa kwenye kigoda kama mtu aliyeambiwa msiba.

"Tito, mimi nilikuwa nimesahau," akasema. "Nakuapia kwa Mungu, nilikuwa nimesahau kwamba vidole hana. Nilikuwa nayaona masanduku yake tu."

Nilimwamini, na ninamwamini hadi leo. Nikamshauri asubiri jioni, aende nyumbani kwa Mzee, wayamalize kimya kimya ndani. Nilidhani hiyo ndiyo heshima. Mektrida akasema hapana, kosa lililofanyika mchana mbele za watu haliendi kufutwa chumbani. Akavua aproni, akajifunga kanga, akaenda moja kwa moja kwa mafundi bati, pale ambapo nyundo zinagongwa na huwezi kusikilizana bila kupaza sauti. Mimi nikafuata nyuma na sabuni mkononi, nikimwacha mteja na povu kidevuni.

Alimwamkia shikamoo. Mzee akaitikia marahaba bila kuinua macho. Nyundo za jirani zikaanza kunyamaza moja moja, maana mafundi nao wana masikio.

"Mzee wangu, nimekuja kukuomba radhi mbele ya watu, kwa sababu nimekukosea mbele ya watu," Mektrida akasema. "Kwetu mlimani, nafasi ikiachwa ni ya mtu anayengojewa. Sikukuuliza kwenu ni ya nani. Nilipaswa kuuliza. Kazi yangu yote ni kuuliza, na wewe sikukuuliza."

Mzee Mfinanga alikunja ukingo wa karai mpaka ukazunguka wote. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida, kwamba amesikia, na kwamba balozi arudi kwenye mtori wake usije ukaungua. Hakuna zaidi. Msamaha haukutoka. Tulirudi, na kwangu mteja alikuwa ameshajinyoa mwenyewe upande mmoja.

Siku hiyo hiyo Godlove alituma ujumbe kwamba kesho anapita kuuona ukuta, akitoka hapo anaelekea Machame na familia yake. Brenda akaja mbio kwa Mektrida. Alikuwa ameshapata dawa: tuweke ua pale katikati, ua moja zuri, itakaa fresh, Godlove hatajua kitu na mabenchi yatapona. Nilimuunga mkono. Na wengine wote waliokuwepo walimuunga mkono, maana kesho ni kesho. Mektrida akasema ua juu ya nafasi ya mtu aliye hai ni kumzika. Brenda akauliza, sasa tufanye nini, mama, maana kuiacha nayo ni kumtukana. Mektrida akageukia vyombo vyake. Nilimwona akiosha sufuria ile ile mara mbili.

Asubuhi nilipofungua kibanda nilimkuta ukutani. Mkono wake mwenyewe uko mwishoni, karibu na kona, mkono mpana wenye mwiko ndani na moshi unaopanda mpaka kwenye vidole, kazi nzuri kuliko zote alizofanya Brenda. Pembeni yake palikuwa na ndoo ya chokaa. Alichovya brashi pana, akaipitisha juu ya mkono ule mara moja, akasubiri, akaipitisha tena. Ukapotea. Pakabaki nafasi nyeupe ya ukubwa wa mkono.

Brenda alifika akaona, akashika kichwa.

"Mama, hii noma," akasema. "Godlove anakuja. Nimekomaa na ukuta huu juani mpaka leo, na wewe unaufuta?"

Mektrida alimwomba radhi na yeye. Akamwambia anajua ukuta huenda ukapotea leo, na kama utapotea atalia, wala hatajificha. Lakini hawezi kumwacha mzee wa watu asimame peke yake na pengo lake kila asubuhi. Angalau sasa wako wawili.

Sasa mimi ni mtu wa hasira za haraka, na nilikasirika. Nilikuwa nimeuzoea ukuta ule. Nilimwona mama wa chapati anatoka nje, anasimama, anasikiliza, kisha anaichukua ile brashi bila kuomba na kuufuta mkono wake wa unga. Muadhini akafuta magurudumu yake. Nikajiambia watu hawa wamerogwa. Halafu nikakumbuka jinsi Mzee alivyoutazama ukuta katika kioo changu, kichwa kikiwa nusu kimenyolewa, nami nikavuka uchochoro nikafuta kitana changu na nywele zangu zote. Ilinichoma, sitawadanganya. Nilipogeuka, Brenda alikuwa amekaa kwenye benchi anafuta machozi kwa mkono wenye rangi, na shavu lake lilikuwa la bluu.

Ukuta ukawa na mapengo huku na huku. La katikati halikuonekana tena. Ungeambiwa ulitafute, ungehitaji kuhesabu nyumba.

Godlove alifika na gari limejaa watoto, magunia ya mchele na mbuzi amefungwa nyuma. Alishuka, akatazama, akatutazama sisi na ndoo ya chokaa. Alisema, bila ubaya, kwamba anaona tumeshawaanzia kazi kampuni. Mektrida akamwamkia kama kawaida, akamwambia ukweli wote kwa maneno machache: alikosea, aliyemkosea yuko pale kwa mafundi bati, na kama ukuta haukwisha ni kwa ajili hiyo, asimlaumu Brenda wala mtu mwingine. Godlove akatoa simu mfukoni. Aliishika tu, akiutazama ukuta.

Ndipo Mzee Mfinanga alipokuja. Hakuja kwa haraka. Alikuwa na nyundo mkononi, misumari mdomoni kama mafundi wanavyofanya, na kipande cha bati jipya kwapani. Alipita katikati yetu, akasalimia kwa kutikisa kichwa, akaenda ukutani. Kutoka pale kwa mafundi bati unaona ukuta mzima, kwa hiyo alikuwa ameona kila kitu tangu brashi ya kwanza. Alitembea akihesabu nyumba kwa macho mpaka akapata mahali pake. Akaliweka bati pale.

Lilikuwa mkono. Alikuwa ameukata kutoka kwenye bati jipya, akaukunja kingo zote ndani ili usimkate mtu, kama anavyokunja midomo ya ndoo zake. Kupigilia msumari kunahitaji mikono miwili, mmoja wa nyundo, mwingine wa kushika msumari. Yeye ni wa mkono wa kushoto siku hizi, alilazimika kujifunza. Kwa hiyo misumari aliishika kwa ule wa kulia, pale mbele yetu, mbele ya Godlove na watoto wake waliotoa vichwa dirishani, kwa vidole vile vitatu, bila masizi na bila haraka. Nilimtazama Mektrida, na machozi yalikuwa yanamtoka naye hakuyafuta, kama alivyosema.

Godlove akauliza kama misumari hiyo haitabomoa ukuta wake. Mzee akajibu kwamba misumari hiyo itakaa pale kuliko yeye Godlove. Watu wakacheka, na Godlove akacheka, kisha akarudisha simu mfukoni. Alisema sasa hata akitaka kuuza ukuta hauzi, maana kuung'oa mkono huo ni kung'oa lipu yote. Akamwambia Mektrida amalizie hayo mapengo mengine kwa wakati wake, yeye akirudi kutoka Machame aukute umekamilika. Akapanda gari, mbuzi akalia, wakaondoka. Brenda alituchora upya wote kabla ya mwaka mpya. Wangu aliuchora kwa hasira, ndiyo maana kidole gumba changu kinafanana na mshale, zile ndizi ndefu.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Wakati ule tulikuwa bado tumesimama tunatazama bati, na ni Brenda, mwenye macho ya kazi yake, aliyeona kile ambacho sisi hatukukiona. Aliuhesabu mkono ule kwa kidole, hewani. Vidole vilikuwa vitano.

Alimsogelea Mzee kwa adabu, akamuuliza kwa sauti ndogo mbona ameukata mzima.

Mzee Mfinanga alirudi nyuma hatua moja aone kama umekaa sawa.

"Huu ndio niliokuja nao Moshi," akasema.

Brenda alikuwa ameshachovya brashi ili aupake rangi ufanane na mingine. Mektrida akamshika kiwiko, akatikisa kichwa, na brashi ikarudi kwenye kopo.